Nani Ana Ufunguo wa Daftari Langu

Nina kifafa. Nimeiweka sentensi hiyo hapa juu kabisa kwa sababu ilinichukua mwaka mmoja na zaidi kuiandika, hata ndani ya shajara yangu ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kuisoma. Muda huo wote niliandika "ile kitu". Leo ile kitu imekuja asubuhi. Leo ile kitu haijakuja, asante Mungu. Kama wewe unayesoma bado uko kwenye "ile kitu", usijali, kaa hapo mpaka uwe tayari. Mimi nilikaa.

Naitwa Ndinda. Niko Kidato cha Tatu, tunaishi Riruta kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, na mimi ni mtu wa kunyamaza. Kila mwisho wa muhula mwalimu wa darasa huandika kwenye ripoti yangu: "Ajitahidi kuongea." Maneno yale yale, nafikiri hata hafikirii tena. Kwa hivyo haya ninayoeleza, mahali ambapo nilifungua mdomo, ujue yalinigharimu jasho.

Nilianguka mara ya kwanza wakati wa baridi ya Julai, nikiwa Kidato cha Kwanza, nikipiga mswaki pale kwenye mfereji wa ploti. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kuamka nikiwa nimelala ubavu kwenye simiti yenye maji, ulimi umevimba kama si wangu, na Mama amenifunika na leso kutoka kiunoni kwenda chini. Nilikuwa nimejikojolea. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Ni malaria tu, imempanda kichwani." Alisema hivyo kwa sauti ya furaha, kama anayetangaza harusi. Hapo ndipo nilijua si malaria.

Wiki hiyo tulienda zahanati. Wale wa mitaa yetu wanajua: ukifika langoni unanunua daftari la shule, lile la kurasa thelathini na mbili, kwa mama anayeuza pia maandazi. Daktari anaandika humo, na wewe unarudi nalo nyumbani. Ndilo faili lako. Ukilipoteza, umepoteza ugonjwa wako wote, unaanza kuugua upya. Mama alinunua daftari, akatoa kalamu kwenye kifua cha blauzi, akaandika juu ya jalada kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: Rose Nduku.

Nilimwangalia. Akanipa lile jicho.

Tulikaa kwenye benchi kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Karibu saa nne karani akatoa kichwa mlangoni. "Rose Nduku!" Nikakaa. "Rose Nduku!" Nikaangalia viatu vyangu. "Huyu Rose amepona akaenda zake?" Benchi nzima ikacheka, na mimi pia nikacheka kidogo, mpaka Mama akanifinya paja hadi machozi yakanitoka.

"Ni yeye," Mama akamwambia karani. "Masikio yake yanauma."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Rose. Rose alitumwa hospitali kubwa ya jiji, Rose akapimwa kichwa kwa waya nyingi, Rose akapewa tembe. Ndinda alienda shule kama kawaida.

Tembe zile zilinikataa. Wiki ya tatu macho yaliwasha, kisha mdomo ukaota vidonda, kisha ngozi ya mgongo ikaanza kutoka vipande vipande kama kiazi kilichochemshwa na maganda. Nililazwa siku kumi na moja. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba kitandani mwa jirani kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameumia nyonga, na kwa sababu sikuweza kunywa, alikuwa akichovya pamba kwenye maji na kunipitishia kwenye midomo, bila kuniuliza jina. Sikuwahi kujua la kwake. Mtu wa namna hiyo ukimpata wodini, hesabu kama dawa.

Siku ya kutoka, daktari aliandika kwenye daftari la Rose kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, kwamba dawa ile isitolewe tena kwa mgonjwa huyu maisha yake yote. Mimi nikalinakili jina la dawa kwenye shajara, kama ninavyonakili kila kitu, hata nambari za vitanda. Tulipofika nyumbani Mama alilitia daftari la Rose chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge vyake vya kanisa.

Mvua fupi zilipoanza tulikuwa tunakwenda kliniki ya kifafa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, Jumanne moja kila mwezi. Daktari wa pale anaitwa Meera. Ni mama mwembamba wa Kihindi, mzaliwa wa Nairobi, anayeongea Kiswahili cha mtaani kuliko mimi. Alisoma daftari la Rose, akanibadilishia dawa. Nikawa nalala darasani, nywele zikapungua upande mmoja, ufizi ukavimba nikaacha kucheka nikiwa nimefungua mdomo. Lakini sikuanguka. Oktoba, Novemba, Desemba, sikuanguka.

Januari tukapanda ngazi zile kama kawaida, na tulipofika ghorofa ya pili na nusu Mama akasimama ghafla. Kupitia kioo cha mapokezi tulimwona Caro ameketi kwenye kiti cha karani wa rekodi.

Caro anaishi chumba namba tano kwenye ploti yetu. Sisi ni namba nane. Tunaanika nguo kwenye kamba moja. Anaimba kwaya moja na Mama. Tulijua amepata kazi ya ofisi mjini, alituletea soda kusherehekea, lakini hatukujua ni ofisi gani.

Mama alinigeuza kwa mabega tukashuka. Mtaani akaninunulia mahindi ya kuchoma, kitu ambacho hakifanyi kamwe siku ya shule.

"Tutatafuta kliniki ingine," akasema.

Hatukuitafuta. Dawa zilizobaki tulizigawa nusu nusu. Mwezi wa pili zikaisha. Mwezi wa tatu sikuanguka, Mama akasema kanisani nimeombewa vizuri. Masika yalipoanza, nikaanguka shuleni, mbele ya darasa lote, kati ya hesabu na Kiswahili.

Shule yetu iko upande wa Kileleshwa, na mwalimu alinipeleka kwenye kliniki ya karibu. Pale niliandikishwa kama Ndinda, kwa sababu mwalimu ndiye aliyeandikisha na yeye hajui mtu anaitwa Rose. Mama alikuja mbio, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Daktari kijana akamuuliza, "Mama, ameshawahi kuanguka hivi?"

"Hajawahi."

"Kuna dawa yoyote inamkataa?"

"Hakuna. Huyu ni mtoto mwenye afya."

Mimi nilikuwa macho. Hii ndiyo sehemu ninayotaka usome polepole. Nilikuwa nimelala pale, kichwa kizito, lakini nilisikia kila neno, na ulimi wangu ulikuwa unafanya kazi. Ningesema. Sikusema. Nimemlaumu Mama mara nyingi kwenye shajara, kwa hivyo ni haki niandike pia kwamba siku hiyo tulidanganya wawili.

Nikapewa tembe. Sanduku lilikuwa la buluu, si jeupe kama la kwanza, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa sikuwahi kuliona. Nilikunywa siku mbili. Siku ya tatu, nikirudi kutoka shule, macho yakaanza kuwasha.

Nilikaa kitandani nikatoa shajara. Nikatafuta kurasa za hospitali, nikaweka sanduku kando. Jina kubwa lilikuwa tofauti. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kulikuwa na jina lingine, na hilo lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi. Nikaenda kwa Mama aliyekuwa anachambua mchele, nikamwekea vyote viwili juu ya sinia.

Alisoma. Akasoma tena akifuatisha kwa kidole. Kisha akaniambia nifungue mdomo, akaangalia ndani, na nikaona uso wa Mama ukifanya kitu ambacho sijawahi kuona tena.

"Vaa sweta," akasema. "Twende kwa Meera."

"Na Caro?"

"Nimesema vaa sweta."

Tulifika wakifunga. Caro alikuwa anaweka kifuniko kwenye kompyuta. Alituona, akafungua mdomo kusema jina langu, halafu macho yake yakashuka kwenye daftari ambalo Mama alikuwa amelikumbatia. Rose Nduku. Niliona akilisoma. Niliona akifikiri. Kisha akafungua rejista, akachukua kalamu.

"Rose," akaniambia kwa upole, "keti pale. Daktari bado yuko."

Dawa ilisimamishwa mapema, kwa hivyo safari hii ngozi haikutoka. Vidonda vitatu tu mdomoni, na siku nne za kulala wodini ili waniangalie. Mama alipomweleza habari za Kileleshwa na jina langu la kweli, Daktari Meera hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya meza, akamwangalia Mama.

"Mama, msichana wako ana faili mbili na maisha moja. Sielewi utagawanya aje."

Hapo ndipo alituambia kuhusu kompyuta. Kliniki ilikuwa imepata mtambo mpya wa rekodi. Kila mgonjwa angekuwa na ukurasa wake. Angeufungua mwenyewe kwa neno la siri, hata akiwa saiba, kwenye duka la kompyuta, kule Riruta, aandike siku alizoanguka, dawa anazokunywa, dawa zinazomkataa. Akipelekwa hospitali ingine, daktari wa huko anaweza kuonyeshwa. Fomu zilikuwa pale mezani, rundo refu, na nikaona karibu zote hazijajazwa.

"Wanakataa," Daktari Meera akasema, kama anayejibu nilichokuwa nafikiri. "Wanasema watafikiria. Wakienda, wameenda."

Mama pia akasema tutafikiria.

Nyumbani haikuwa kufikiria, ilikuwa vita. Vita vya kunong'onezana, kwa sababu kuta za ploti ni mabati. Baba ni tarishi kwenye ofisi moja ya serikali mjini. Amebeba mafaili kutoka ghorofa hadi ghorofa tangu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye nilidhani angesema tujaze fomu. Alicheka kwa pua.

"Mimi nikuambie kuhusu faili. Faili lenye muhuri wa siri ndilo la kwanza kusomwa. Lisilo na muhuri linaweza kukaa kwa meza mwezi mzima, hakuna wa kuligusa. Weka muhuri uone! Mpaka mama wa chai anajua."

"Si hii ni kompyuta, Baba," nikasema.

"Kompyuta inaandikwa na nani? Na malaika?"

"Inaandikwa na Caro," Mama akasema. Halafu akakaa kwenye kitanda akaanza kuongea akiangalia jiko.

Rose Nduku alikuwa dada yake. Nilijua aliwahi kuwa na dada aliyekufa mdogo, sikujua jina, na sikujua namna. Nduku alikuwa na kifafa, na kijiji kizima huko Ukambani kilijua. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba povu la mdomo wake likikugusa, nawe utaanguka. Siku moja aliangukia moto wa jikoni. Kulikuwa na watu wanne hapo, watu wazima. Wakasimama. Mama alikuwa na miaka tisa, ndiye aliyemvuta, na hakuwa na nguvu za kutosha.

"Walijua," Mama akasema. "Ndiyo maana hawakumshika. Wewe nimetaka wasijue ili siku moja wakushike."

Sikulala vizuri kwa siku nyingi. Bado naamini hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa uongo mkubwa kama ule. Lakini niliandika kwenye shajara, na hapa nainakili jinsi ilivyo: "Wale wa Aunt Nduku walijua vibaya. Daktari wa Kileleshwa hakujua kabisa. Wale walimuua yeye, huyu nusura aniue mimi."

Baba ndiye aliyenipa ufunguo, bila kujua. Asubuhi moja akifunga kamba za viatu aliniambia, "Ukitaka kujua kama kitu ni siri, usiulize kama ni siri. Kila mtu atakuambia ndiyo. Uliza nani ana ufunguo wa kabati, halafu umwambie afungue mbele yako."

Nilienda na swali hilo kliniki ya mwezi wa tano. Nilikuwa nimeliandika kwenye kiganja kwa sababu najijua. Mvua ilikuwa inanyesha, wagonjwa wamejaa mpaka ngazini, na zamu yetu ilipofika mkono ulikuwa umetoa jasho na maneno yameanza kufutika.

"Nani ana ufunguo?" nikamuuliza Daktari Meera. Ilitoka kwa sauti ndogo sana, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Wa ukurasa wako? Wewe na mimi. Basi."

"Na Caro?"

"Karani anaona jina lako na siku ya kuja. Hayo tu."

Nilikumbuka kamba za viatu vya Baba. "Naweza kuona vile yeye anaona?"

Mama alinivuta sketi. Daktari Meera akamwita fundi wa kompyuta, kijana wa miwani aliyeitwa Denno, ambaye siku hiyo alikuwa anapitisha waya kwenye dari.

"Denno, hebu ingia kama karani umwonyeshe."

"Aah, hiyo ni easy." Akainama, akagonga. Ukurasa ukafunguka wa mgonjwa wa mfano, mtu asiyekuwepo waliyemtunga kwa majaribio. Jina. Siku ya kuja. Denno akatabasamu. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe kilichokuwa pembeni.

"Hicho kinafungua nini?"

Akakibonyeza. Dawa zote zikatokea. Ugonjwa. Siku za kuanguka. Maelezo ya daktari, hata yale ya nyumbani kwa mgonjwa, nani analewa, nani ameachwa.

Denno alishika miwani yake. "Manze. Hiyo tulisahau kuifunga."

"Sikujua," Daktari Meera akasema. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Ndinda, kweli, sikujua."

Alikuwa ameniita Ndinda.

Nikasimama. Nilikuwa na hofu kwamba ile kitu inakuja, lakini haikuwa yenyewe, ilikuwa mimi tu. "Basi sitaki," nikasema. "Nitataka mkiifunga. Nitakuja nione imefungwa, halafu ndiyo niandike jina." Kisha nikaongeza, kwa sababu nilishaanza, "Na nitaandika mwenyewe. Kwa vidole vyangu."

Ilikuwa ndiyo hotuba yangu ndefu zaidi mbele ya mtu mzima. Kwenye ngazi Mama hakuniangalia mpaka tulipofika chini.

"Hiyo mdomo umetoa wapi?"

"Sijui, Mama."

"Hiyo ni ya mama yangu," akasema, akafungua mwavuli. "Alikuwa anafukuza machifu."

Habari zilimfikia Caro kabla ya jua kutua. Jumamosi alinikuta mferejini nikifua, akaweka beseni lake kando ya langu kwa kishindo.

"Sasa Ndinda."

"Poa."

"Nasikia nimefungiwa mlango. Eti Denno anaweka kufuli kwa sababu ya mtu wa kwetu." Akakamua shati kama anayelinyonga. "Miezi mingapi nimekuita Rose? Hata siku moja nimekosea? Hata kwa kwaya nimewahi kumwangalia mama yako na jicho baya?"

"Hapana."

"Basi mnanionaje?"

Nilitaka kuingia ndani ya beseni. Lakini nikasema ukweli, kwa sababu uongo ulishatuchosha. "Si wewe, Caro. Siku moja utaacha kazi, na atakuja mwingine kwa hicho kiti. Huyo simjui."

Alifua kwa muda mrefu. Povu likawa la kijivu. Halafu akasema bila kuinua uso, "Mimi pia nina yangu. Ya kliniki." Sikuuliza. "Naenda mpaka Kikuyu, kila mwezi. Kazini ningetibiwa bure, chini tu hapo, ghorofa ya pili. Lakini najua makarani. Mimi ni karani." Akacheka kidogo, kicheko cha kujihurumia. "Mwambie Denno afunge vizuri."

Caro si jina lake. Nimemwonyesha ukurasa huu kabla ya kuutoa, akafuta mstari mmoja kwa kalamu, na mstari huo hutausoma popote.

Ilichukua wiki saba. Zilikuwa wiki za umeme kukatwa kwa zamu, na kila mara tukifika Denno alikuwa anasubiri stima irudi. Julai ilipokuja tena na baridi yake, akaniita. Aliingia kama karani, akasimama kando, akaniambia, "Bonyeza popote." Nilibonyeza kila kitu. Nilibonyeza vitufe ambavyo hata yeye alishangaa kuviona. Jina, siku ya kuja. Jina, siku ya kuja. Hakuna kingine kilichofunguka.

Nikakaa kwenye kiti cha Caro. Yeye mwenyewe alinisukumia kibodi, akaenda kusimama dirishani akiangalia barabara. Mashine ikauliza majina kamili. Mama alikuwa nyuma yangu, nikasikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kujibu. Hakujibu. Nikaandika kwa vidole viwili, nikitafuta kila herufi, majina yangu yote matatu, la ubatizo, la nyanya na la Baba. Halafu kwenye nafasi ya ugonjwa, herufi sita. Kifafa. Si ile kitu.

Mashine inakuuliza nani aruhusiwe kuona. Nilimruhusu Mama. Nilimruhusu Daktari Meera. Daktari yeyote wa dharura nilimruhusu sehemu moja tu, ile ya dawa inayonikataa. Shule niliikataa. Labda mwaka ujao, labda kamwe. Ni juu yangu. Usifikiri kwamba kuandika jina lako ni kumwaga kila kitu sokoni. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilipokuwa Rose, sikujua nani anajua. Sasa ninaweza kuwahesabu.

Daktari Meera alinakili maneno mekundu kutoka kwenye daftari la zamani, akauliza kama alitupe.

"Nipe," Mama akasema. "Hilo ni jina la dada yangu."

Nilipokuja kliniki ya mwezi wa nane, lile rundo la fomu lilikuwa limepungua. Daktari Meera alikuwa ameanza kufanya vile nilivyofanya mimi: kila mgonjwa anayesita anaonyeshwa kiti cha karani, anabonyeza mwenyewe. Akaniuliza kama likizo ya Desemba ningependa kukaa nao asubuhi za Jumanne, nieleze wenzangu, kwa sababu wengine hawamwamini daktari lakini wanaweza kumwamini msichana. Nilisema nitafikiria. Nilifikiria mpaka mlangoni, nikarudi nikasema ndiyo.

Jumanne ya kwanza ya likizo alikuja mzee mmoja wa Dagoretti, koti la suti, kofia mkononi. Alikuwa na kifafa tangu akiwa kijana, na alikuwa amemficha mke wake miaka yote ya ndoa. Alimwambia ni kizunguzungu cha pombe. Alikuwa radhi aitwe mlevi. Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndiye unajua hii mashine?"

"Kidogo, Guka," nikasema, kama tunavyowaita mababu wa huko.

"Itanisema kwa bibi yangu?"

"Haitamwambia. Lakini ukitaka wewe kumwambia, hiyo ni yako."

"Na huyu karani wa dirishani?"

"Keti kwa kiti chake uone." Aliketi, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu kama anayejaribu embe. Akaguna. Akaniuliza maswali kumi na moja. Niliyahesabu, na nilijibu tisa, na mawili ambayo sikujua nilimwambia sijui, Denno akaenda kutafuta jibu. Sikunong'ona hata moja.

Mwishowe mashine ikamwomba neno la siri. Akaweka vidole juu ya kibodi, halafu akasimamisha kila kitu, akanigeukia.

"Msichana, wewe ni mtu mzuri. Sasa angalia ukuta."

Nikageuka. Nikasimama nikiangalia rangi ya krimu inayobanduka, mikono nyuma, huku nikimsikia akitafuta herufi moja, akiipiga, akipumua, akitafuta nyingine. Alichukua muda mrefu sana. Sikugeuka hata kidogo, na sijawahi kujivunia kazi yoyote kama ile.